Uvimbe Usiouma

Mama akiugua malaria, nyumba nzima hujua la kufanya. Mmoja hukimbilia zahanati, mwingine huchemsha uji, na majirani huuliza tu, "Amepata dawa?" Lakini siku daktari anapotamka jina la ugonjwa ambalo hakuna aliyepata kulisikia, nyumba hunyamaza. Bibi anawaza uchawi. Baba anawaza fedha. Mgonjwa mwenyewe anawaza watoto. Na katika ukimya huo ugonjwa unazidi kukua.

Akina mama wapendwa, sisi ni wauguzi na wahudumu wa kujitolea wa kanisa hapa Rubwera, wilayani Kyerwa. Katika kuwatembelea wagonjwa majumbani tumekutana na kansa ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni kansa ya tishu laini, ambayo waganga huiita sarkoma. Tunaandika kwa sababu mara nyingi mama ndiye anayeiona kwanza. Huiona wakati anamwogesha mtoto, anamkanda mume mgongo, au anajipaka mafuta mwenyewe baada ya kuoga.

UGONJWA GANI HUU?

Kansa nyingi tunazozifahamu huitwa kwa jina la kiungo chake: kansa ya titi, ya shingo ya kizazi, ya ini. Sarkoma haina kiungo kimoja. Tishu laini ni misuli, mafuta yaliyo chini ya ngozi, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na kano zinazoshika misuli kwenye mifupa. Kwa kuwa vitu hivyo vipo mwili mzima, kansa hii yaweza kuota pajani, mkononi, mgongoni, hata ndani kabisa ya tumbo.

Zipo aina zaidi ya 50, na zote kwa pamoja ni chache. Duniani, katika kila kansa 100 za watu wazima, ni kama 1 tu iliyo ya tishu laini. Ndiyo maana mhudumu wa afya kijijini anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nayo, na ndiyo maana hudhaniwa kuwa jipu, tezi au nyama iliyoota tu.

Jambo linalowadanganya watu kuliko yote ni kwamba mara nyingi uvimbe huu hauumi mwanzoni. Sisi akina mama tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Kama mkono unashika jembe na mguu unafika kisimani, tunasema bado tu wazima. Kansa hii haingoji maumivu. Yakija, mara nyingi ni kwa sababu uvimbe umekwisha kuwa mkubwa na unabana mishipa ya fahamu.

WAKATI GANI TUWE NA WASIWASI?

Tuseme kweli ili tusiogopeshane bure: vimbe nyingi si kansa. Ziko vimbe za mafuta ambazo mtu hukaa nazo hadi uzeeni bila madhara. Lakini usikae nyumbani ukiona mojawapo ya dalili hizi:

1. Uvimbe unaozidi kukua, hata kama hauumi.

2. Uvimbe uliozidi sentimita 5, yaani ukubwa wa limao la kawaida.

3. Uvimbe ulioko ndani ya nyama, usiosogea unapousukuma kwa vidole.

4. Uvimbe uliowahi kuondolewa na sasa umerudi mahali pale pale.

5. Mabaka au vinundu vyeusi au vya rangi ya zambarau kwenye ngozi, hasa miguuni, au kwenye kaakaa la mdomo, visivyowasha wala kuuma.

6. Mguu mmoja unaovimba na kuwa mgumu bila kuumia popote.

Kwa watoto tuwe wepesi zaidi. Iko sarkoma ya misuli inayowapata watoto, wengi wao wakiwa chini ya miaka 10. Huweza kujionyesha kwa jicho linalotokeza nje, uvimbe shingoni, au damu inayotoka mahali isipotarajiwa. Mtoto hawezi kueleza. Macho ya mama ndiyo maelezo yake.

USIKATWE KABLA YA KIPIMO

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mtu anaona uvimbe, anapelekwa kuchanjwa na kupakwa dawa. Mwingine anakatwa haraka haraka na mtu asiye na ujuzi, kinachotolewa kinatupwa, na hakuna anayejua kilikuwa nini. Baada ya miezi uvimbe unarudi ukiwa mpana zaidi.

Njia iliyo sahihi ni kuchukua kinyama. Daktari hutoa kipande kidogo cha uvimbe, kikatiwa dawa ya kukihifadhi na kupelekwa maabara, na mtaalamu akakitazama kwa hadubini. Wako watu wanaoamini kwamba uvimbe ukiguswa tu kansa husambaa, kwa hiyo wanakataa kipimo. Ukweli ni kwamba bila kinyama hakuna daktari awezaye kujua ni aina gani ya kansa, wala ni dawa ipi inayoifaa. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Yafuatilie. Weka namba ya faili mahali pa salama kama unavyoweka cheti cha ubatizo.

Kutoka kwetu huku, safari huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali kama ya Isingiro wilayani Kyerwa au ya Nyakahanga wilayani Karagwe, na baadaye Bukoba. Matibabu makubwa ya kansa kwa Kanda ya Ziwa yako Bugando, Mwanza. Wengine hupelekwa hadi Ocean Road, Dar es Salaam, katika jengo lililojengwa na Wajerumani miaka ya 1890 na ambalo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya kansa ya taifa. Huko hutolewa upasuaji, mionzi na dawa za kemikali kufuatana na aina ya kansa.

AINA INAYOJULIKANA ZAIDI KWETU

Kati ya sarkoma zote, iko moja ambayo kwa nchi zetu za Afrika Mashariki si ngeni hata kidogo. Ni sarkoma ya Kaposi. Imepewa jina la daktari Moritz Kaposi aliyeieleza mwaka 1872 mjini Vienna. Ulaya ilionekana kwa wazee wachache. Lakini madaktari wa Uganda, jirani zetu ng'ambo ya mto Kagera, waliikuta kwa wingi hata wakafanya mkutano wa kimataifa juu yake mjini Kampala mwaka 1961. Kumbuka mwaka huo, mama. Ni zaidi ya miaka 20 kabla UKIMWI haujatambuliwa kwetu. Ina maana kwamba wapo watu wanaougua Kaposi bila kuwa na virusi vya UKIMWI kabisa.

Kisha ukaja mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipogundulika katika mkoa wetu wa Kagera. Wakati ule watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Kinga ya mwili ikiisha, Kaposi hupata nafasi, kwa hiyo ikaongezeka sana. Hapo ndipo watu walipoanza kuyasoma mabaka meusi kama barua iliyo wazi. Hata leo, mtu akionekana na mabaka, kijiji kimekwisha kutoa hukumu kabla maabara haijatoa majibu.

Mwaka 1994 mume na mke wanasayansi wa Marekani, Patrick Moore na Yuan Chang, waligundua kirusi kinachosababisha Kaposi. Si kirusi cha UKIMWI, ni kingine. Huenea hasa kwa mate, na kwa nchi zetu wengi hukipata utotoni, katika familia. Watu wengi wanacho na hawataugua kamwe. Kwa hiyo kumtafutia mchawi wa Kaposi, au kumtafutia mzinzi kwa kutazama ngozi yake tu, ni kumsingizia mtu. Kinachofaa ni vipimo viwili: kinyama, na kipimo cha VVU. Tena tuache desturi ya kumtafunia mtoto chakula, maana mate ndiyo njia ya kirusi hiki.

SAHANI YA PEKE YAKE

Tulimtembelea mama mmoja, mwenye watoto wanne, ambaye ametupa ruhusa kusimulia bila kutaja jina wala kijiji. Kwa mwaka mzima alivaa soksi, hata shambani, ili kuficha vinundu vya unyayoni. Mama mkwe wake alisema amekanyaga kitu alichotegewa. Mume aliambiwa na wenzake kwenye mzani wa kahawa kwamba mabaka ya namna ile "yanajulikana ni ya nini", naye akahamia chumba kingine. Watoto wakakatazwa kula na mama yao.

Tulipokaa naye hakulia kwa ajili ya mguu. Alisema, "Nesi, ugonjwa nitaubeba. Nisichoweza ni kula peke yangu."

Hatukuwa na maneno makubwa. Tuliomba tuzungumze na mama mkwe, kwa heshima, kama binti zake. Tulimweleza kwamba kula pamoja, kulala nyumba moja na kumwogesha mgonjwa havimwambukizi mtu kansa. Bibi yule alituuliza maswali mengi, mengine makali. Kisha akasema, "Basi mimi ni mzee, sina cha kupoteza," akachukua chakula chake akaenda kuketi na mkwewe. Watoto walipomwona bibi anakula, nao wakasogea.

Kazi ya mume ilikuwa ngumu zaidi. Mchungaji alimwita, akamwambia jambo moja tu: nendeni mkapime pamoja. Walikwenda. Majibu yao ni yao, hatuyaandiki hapa. Tunachoweza kusema ni kwamba walirudi kwa pikipiki moja, na mguu ule ukapelekwa kuchukuliwa kinyama mwezi huo huo. Alimaliza mizunguko yote ya dawa Mwanza. Bado anahudhuria kliniki, bado analima maharage, na soksi amezivua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tujiulize, akina mama: aliyeficha ni mgonjwa peke yake, au ni sisi tuliomfanya aone ni salama zaidi kuficha?

DAWA ZIPO

Mwenye Kaposi pamoja na VVU huanzishiwa dawa za kufubaza virusi. Tangu mwaka 2004 dawa hizo zilianza kutolewa bure nchini kwetu, na kwa Kaposi ambayo bado ndogo, dawa hizo peke yake zaweza kuifanya ipungue kinga inapopanda. Ikiwa imeenea, huongezwa dawa za kemikali. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa zikiwamo Kenya na Uganda: kwa wagonjwa wa Kaposi iliyoenea, dawa iitwayo paklitakseli ilifanya vizuri kuliko nyingine mbili zilizolinganishwa nayo. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ugonjwa huu hauna tiba wala matumaini.

Hatusemi kila mtu atapona. Sarkoma nyingine huondolewa zote kwa upasuaji, nyingine hurudi, na nyingine hugunduliwa zimekwisha kufika mapafuni. Tunachosema ni kwamba aliyekuja na uvimbe mdogo ana nafasi kubwa kuliko aliyekuja na mkubwa.

Na sala je? Tunasali, tena sana. Lakini tunakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na wapo walioondoka vitandani hospitalini kwenda huko. Mtu akikuombea na kukuambia acha dawa, pokea maombi, dawa usiache. Mungu aliyempa mwanadamu akili ya kugundua dawa haoni wivu ukiimeza.

KUMTUNZA MGONJWA NYUMBANI

Haya ndiyo tunayoyafundisha tukitembelea nyumba yenye mgonjwa anayepata dawa za kemikali:

Homa ni dharura. Dawa hizi hupunguza askari wa mwili. Joto likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, usimpe panadoli na kungoja asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Usistuke kwa mkojo mwekundu. Iko dawa ya rangi nyekundu inayobadilisha rangi ya mkojo kwa siku moja au mbili. Muulize nesi kabla ya kuondoka kama ndiyo aliyopewa. Anayesafisha matapishi na mkojo wake siku 2 za kwanza avae glovu.

Ganzi ya vidole na choo kigumu husababishwa na baadhi ya dawa. Mwambie daktari. Mpe maji mengi, papai na mboga za majani. Asishike sufuria ya moto kwa vidole vyenye ganzi.

Vidonda vya mdomo: asukutue kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe, mara nne kwa siku.

Chakula: ndizi na maharage, dagaa, mayai yaliyoiva vizuri, uji wa lishe. Msimu wa senene ukifika, mpe senene zilizokaangwa vizuri, zina protini nyingi. Kidogo kidogo mara nyingi kuliko sahani iliyojaa. Rubisi aiache, pamoja na mitishamba asiyoijua daktari.

Mguu uliovimba: uoshwe kwa sabuni ya kawaida, ukaushwe hata katikati ya vidole, upakwe mafuta. Akiketi au kulala, uinuliwe juu ya mto. Asitembee pekupeku shambani, maana jeraha dogo laweza kuoza.

Uzazi: mama asishike mimba akiwa kwenye dawa hizi, wala asinyonyeshe. Azungumze na nesi juu ya njia ya kuzuia mimba kabla ya dozi ya kwanza.

Nywele zitatoka, lakini kwa kawaida huota tena. Kitambaa kizuri cha kichwani ni zawadi kubwa kuliko unavyodhani.

FEDHA NA SAFARI

Dozi hutolewa kila baada ya wiki 2 au 3, na kutoka Kyerwa hadi Mwanza ni mbali. Wengi hawashindwi na dawa, hushindwa na nauli. Wanakunywa dozi mbili, wanajisikia nafuu, wanarudi kupalilia, na kansa inaota tena. Kwa hiyo familia ikae chini mapema na kupanga nauli ya mizunguko yote, si ya safari moja. Fedha za kahawa zikija, sehemu itengwe kabla ya mabati. Akina mama wa VICOBA waweza kuweka mfuko wa jamii kwa ajili hiyo. Hospitalini, msione haya kwenda dirisha la ustawi wa jamii kuulizia msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo. Safari nayo imekuwa nyepesi kidogo: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na anayepitia Geita hangoji tena kivuko akiwa na kichefuchefu.

KUNDI LA AKINA MAMA LIFANYE NINI?

Tunawakumbuka marafiki wa Ayubu. Siku 7 mchana na usiku waliketi naye chini bila kusema neno, na hapo walikuwa wafariji wema. Walipofungua vinywa na kutafuta dhambi iliyoleta ugonjwa, wakawa mzigo. Basi tukienda kumwona mgonjwa tusimsimulie fulani aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Tusimwulize ameupataje. Tumfulie nguo, tumpalilie migomba, tumchukue mtoto mdogo kliniki, tuketi. Na mwenye kumwuguza naye apumzishwe siku moja kwa wiki, maana naye huchoka hata akakosa machozi.

Mama mpendwa, leo jioni utakapomwogesha mtoto, pitisha mkono wako taratibu shingoni, mgongoni na mapajani. Kisha jipitishie na wewe mwenyewe. Ukikuta kitu ambacho hakikuwapo, usikipime kwa maumivu. Kionyeshe zahanati wiki hii. Na kama kuna jirani anayevaa soksi kwenye jua kali, usimwulize mbele za watu. Mpelekee chakula, kisha keti mle pamoja.